Jean-Jacques Rousseau: Mkataba wa Jamii na Mkataba wa Kilwa

Mtahiniwa, kabla hujaanza kukariri, weka tarehe mbili kichwani. Mwaka 1762 kilichapishwa mjini Amsterdam kitabu kidogo kiitwacho Mkataba wa Jamii. Mwandishi wake, Jean-Jacques Rousseau, alidai ndani yake kwamba hakuna binadamu mwenye haki ya kummiliki binadamu mwenzake. Miaka 14 baadaye, tarehe 14 Septemba 1776, mkataba wa aina nyingine uliandikwa Kilwa. Sultani Hasan bin Ibrahim alimwahidi Mfaransa aitwaye Morice watumwa 1,000 kila mwaka, kwa bei ya piasta 20 kila mtu, na piasta 2 zaidi kwa kila kichwa ziwe zawadi ya Sultani mwenyewe. Wakati huo Rousseau alikuwa bado hai, akiishi Paris.

Kama unasoma kitabu hiki ukiwa Tingi, Kivinje au Masoko, mkataba wa pili ni historia ya kwenu, na mabaki ya mji ulikoandikwa unaweza kuyafikia kwa mashua. Mkataba wa kwanza unaonekana wa mbali. Wasifu huu unaisoma yote miwili pamoja, kwa sababu wanafunzi wengi wakiulizwa kuhusu Zama za Mwangaza huorodhesha majina matano ya wanafalsafa na kuishia hapo, na mtahini hawezi kujua kama wameelewa chochote.

Kwanza maana. Zama za Mwangaza ni kipindi cha karne ya 18 ambapo wasomi wa Ulaya, hasa Ufaransa, Uingereza na nchi za Wajerumani, walianza kupima kila jambo kwa akili na ushahidi. Mfalme alisema anatawala kwa amri ya Mungu. Wao wakauliza ushahidi uko wapi. Sheria ilimtoza mkulima kodi na kumsamehe bwana mkubwa. Wao wakauliza kwa nini. Montesquieu alitaka madaraka ya dola yagawanywe. Voltaire alipigania uhuru wa dini na wa kusema. Diderot alisimamia Ensaiklopidia kubwa, ambayo juzuu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1751. Rousseau alikuwa rafiki yao, kisha akagombana karibu na wote.

Mtoto wa fundi saa

Rousseau alizaliwa Geneva tarehe 28 Juni 1712. Kumbuka kwamba Geneva wakati huo ilikuwa jamhuri ndogo yenye kujitawala. Haikuwa sehemu ya Ufaransa, na Rousseau alijivunia uraia huo kiasi cha kuuandika kwenye majalada ya vitabu vyake. Mama yake alifariki siku chache baada ya kumzaa. Baba, Isaac, alikuwa fundi saa aliyependa vitabu kuliko kazi yake, na usiku alisoma na mwanawe riwaya na habari za mashujaa wa Ugiriki na Roma mpaka alfajiri. Mtoto alipokuwa na miaka 10, baba aligombana na mtu mwenye cheo, akaukimbia mji. Jean-Jacques akabaki mikononi mwa ndugu, kisha kwa mchungaji wa kijijini, kisha kwa fundi wa kuchora nakshi kwenye madini, aliyempiga sana.

Jumapili moja ya mwaka 1728 alichelewa kurudi matembezini na kukuta malango ya mji yamefungwa. Alijua kesho yake kuna fimbo. Hakungoja. Akageuka, akaondoka, akiwa hajatimiza miaka 16, pengine mdogo kuliko wewe unayesoma hapa.

Tangu hapo hakusoma shule yoyote ya maana. Alipokelewa na bibi mmoja mwenye mali, Madame de Warens, akabadili dhehebu, akafanya kazi ya utumishi wa ndani mjini Turin. Huko aliiba utepe, na alipobanwa akamsingizia binti mpishi, mtumishi mwenzake. Aibu ya kosa hilo ilimfuata hadi uzeeni, ndiyo maana tunalijua: aliliandika mwenyewe. Baadaye alijifundisha muziki, hisabati, Kilatini na falsafa kwa kusoma vitabu vya watu. Mwaka 1742 alifika Paris akiwa na mfumo mpya wa kuandika noti za muziki kwa tarakimu. Wasomi wa Akademia waliusikiliza kwa adabu, wakaukataa.

Swali la Dijon

Sehemu hii isome kwa makini, kwa sababu hapa ndipo Rousseau alipopata hoja yake kuu. Mwaka 1749 Diderot alifungwa katika ngome ya Vincennes kwa ajili ya maandishi yake. Rousseau, asiye na nauli ya gari la farasi, alikuwa akitembea kwa miguu kutoka Paris kwenda kumwona. Siku moja njiani alifungua gazeti, akakuta tangazo la Akademia ya Dijon: zawadi kwa atakayejibu vizuri swali la kama kuendelea kwa sayansi na sanaa kumeboresha maadili ya watu.

Kila mtu wa Zama za Mwangaza angejibu ndiyo. Rousseau alijibu hapana, na mwaka 1750 akashinda. Alidai kwamba elimu na sanaa, katika jamii yenye tabaka, huwa mapambo ya kufunika minyororo. Watu wanajifunza kusema vizuri kabla ya kujifunza kutenda haki. Mwaka 1755 akaendelea na insha ya pili kuhusu chanzo cha kutokuwepo usawa. Humo alieleza kwamba dhuluma haikuletwa na maumbile. Ilianza pale mtu alipoweka uzio, akadai ardhi ni yake, na wenzake wakakubali. Wewe uliyekulia kijijini na kusikia kesi za mipaka ya mashamba huhitaji maelezo marefu.

Wakati huohuo alikuwa mtunzi wa muziki. Opera yake fupi, Mganga wa Kijijini, ilichezwa mbele ya Mfalme Louis XV mwaka 1752, ikapendwa. Kesho yake Rousseau aliitwa akaonane na mfalme, na ilitarajiwa angepewa posho ya maisha. Hakwenda. Alihofia haya zake, na zaidi alihofia kwamba anayelishwa na mfalme hawezi kuandika anachofikiri.

Usimgeuze kuwa malaika, hata hivyo. Kuanzia mwaka 1745 aliishi na Thérèse Levasseur, mwanamke wa kazi za kufua na kushona. Kwa maelezo yake mwenyewe walizaa watoto watano, na wote watano aliwapeleka kwenye kituo cha watoto waliotelekezwa, mahali ambapo vichanga wengi walikufa. Voltaire alilifichua jambo hili mwaka 1764 katika kijitabu kisicho na jina la mwandishi. Rousseau alijitetea kwa umaskini, kisha akajuta. Ukiulizwa kutathmini mchango wake katika elimu, litaje. Mtahini atajua umesoma.

Mwaka wa vitabu, mwaka wa kukimbia

Mwaka 1761 alitoa riwaya ya mapenzi iliyoandikwa kwa mtindo wa barua, Julie. Mwaka uliofuata, ndani ya miezi miwili, vikatoka Mkataba wa Jamii na Emile.

Katika Mkataba wa Jamii, mamlaka halali hayatokani na nguvu. Nguvu inamlazimisha mtu kutii leo, lakini haimpi wajibu wa kutii kesho akipata nafasi ya kukimbia. Mamlaka halali yanatokana na watu wenyewe kukubaliana kuishi chini ya sheria wanazojitungia. Hapo linakuja wazo linalowachanganya watahiniwa kila mwaka: utashi wa umma. Chukua mfano wa chama cha ushirika cha wakulima wa ufuta. Kila mwanachama, akijifikiria peke yake, angependa mzigo wake upimwe kwanza na ulipwe kwanza. Ukijumlisha matakwa hayo unapata vurugu. Lakini kila mmoja, akifikiri kama mwanachama, anataka mizani isiyodanganya. Hilo la mizani ndilo Rousseau aliliita utashi wa umma. Wengi wakikubaliana kumpunja mmoja, wingi wao haugeuzi jambo hilo kuwa utashi wa umma.

Katika sura ya awali ya kitabu hicho ndipo alipoushambulia utumwa. Hoja zake zilikuwa tatu kwa ufupi. Mtu hawezi kujiuza, kwa sababu anayejitoa mzima bila kupata kitu si mwenye akili timamu, na makubaliano ya asiye na akili timamu hayafungi. Hawezi kuwauza watoto wake, kwa sababu wamezaliwa huru na uhuru huo si mali yake. Na mshindi wa vita hana haki ya kumfanya mateka mtumwa, kwa kuwa adui akishaweka silaha chini amerudi kuwa mtu wa kawaida. Kwa Rousseau, maneno utumwa na haki hayakai katika sentensi moja.

Emile ni kitabu cha malezi. Mtoto ajifunze kwa kugusa na kujaribu kabla ya kukariri. Ajifunze useremala, ale jasho lake. Wengi wetu tuliosoma habari za Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 tunaona kufanana, lakini usiandike kwamba moja imenakiliwa kutoka kwa nyingine. Kufanana si ushahidi. Wasichana, soma sehemu ya mwisho ya Emile kwa jicho kali. Sophie, mke mtarajiwa wa Emile, anaelimishwa ili ampendeze mume tu. Mwingereza Mary Wollstonecraft alimjibu kwa kitabu kizima mwaka 1792, akitumia silaha ya Rousseau mwenyewe: kama akili ni ya binadamu wote, mwanamke ameiacha wapi?

Kilichowaudhi wakubwa katika Emile kilikuwa dini. Rousseau aliandika kwamba moyo na dhamiri vinatosha kumjua Mungu. Juni 1762 mahakama kuu ya Paris iliamuru kitabu kichomwe na mwandishi akamatwe. Geneva, mji wake aliousifu, ikavichoma vyote viwili. Akakimbilia milimani Môtiers, ambako mwaka 1765 nyumba yake ilipigwa mawe usiku. Akaenda kisiwani, akafukuzwa. Akavuka hadi Uingereza akiwa na mwanafalsafa David Hume, akamshuku Hume kuwa anamfanyia njama, wakaachana kwa kelele zilizosikika Ulaya nzima. Mwaka 1770 alirudi Paris, akakodi vyumba, akaishi kwa kunakili muziki kwa malipo ya kila ukurasa.

Alichokiacha katika sanaa

Hapa ndipo swali la utamaduni linapojibiwa, na hapa mifano ndiyo alama. Riwaya ya Julie ilichapishwa tena na tena. Wasomaji walimwandikia Rousseau barua wakieleza jinsi walivyolia. Kabla yake milima ya Alpi ilihesabiwa kuwa kikwazo cha safari. Baada yake watu walikwenda kuitazama. Bustani nazo zilibadilika: katika Ufaransa ya Louis XIV miti ilipangwa kwa rula, lakini mwenye shamba la Ermenonville, Marquis de Girardin, alitengeneza bustani yenye vijito na vichaka kana kwamba hakuna mkono uliopita.

Ile opera ya kijijini ilizaa nyingine. Mozart, akiwa na miaka 12, alitunga mwaka 1768 opera fupi ya Bastien na Bastienne juu ya kisa hichohicho. Mchoraji Greuze alichora familia za watu wa kawaida zikilia, zikisameheana, zikimuuguza mzee, na wachoraji wengine wakaacha miungu ya Kigiriki iliyolala juu ya mawingu. Jacques-Louis David, aliyechora Kiapo cha Horatii mwaka 1784, aliweka wajibu wa raia mbele ya raha ya nyumbani. Wakati wa Mapinduzi alisimamia sherehe za umma, jambo ambalo Rousseau alilitamani badala ya tamthilia za ndani ya kumbi. Kwa Wajerumani, Goethe alitoa mwaka 1774 riwaya ya barua kuhusu kijana Werther, na msomaji anaisikia Julie kwa nyuma. Kant, mtu wa ratiba kali, inasimuliwa kwamba alikosa matembezi yake ya kila siku kwa sababu alishindwa kuiweka Emile chini. Na kitabu cha Rousseau cha Maungamo, kilichotoka baada ya kifo chake, kilifungua njia kwa mtu wa kawaida kuandika maisha yake na aibu zake, bila kuwa mtakatifu wala mfalme. Mkondo wa sanaa ulioitwa Uromantiki ulianzia kwa sehemu kubwa hapo.

Mgeni kutoka Île de France

Katika miaka hiyo ya mwisho Paris, Rousseau alimpata rafiki kijana, Bernardin de Saint-Pierre. Walitembea pamoja nje ya mji wakikusanya mimea. Bernardin alikuwa mhandisi aliyekaa Île de France, kisiwa ambacho leo ni Mauritius, kuanzia mwaka 1768 hadi 1770. Mwaka 1773 alitoa kitabu cha safari hiyo, akieleza mateso ya watumwa aliyoyaona kwa macho yake, na kuwashutumu watu wa Ulaya wanaokunywa kahawa yenye sukari bila kujali imetoka wapi.

Île de France na jirani yake Bourbon, leo Réunion, ndivyo visiwa ambavyo Morice alitafutia watumwa Kilwa. Unakumbuka mada ya mashamba ya Wafaransa katika Bahari ya Hindi. Mateka waliletwa pwani na misafara, mingi ya Wayao, kutoka bara upande wa Ziwa Nyasa, pamoja na pembe za ndovu. Usichanganye vipindi: mwaka 1776 Sultani alikuwa Kisiwani, Kilwa Kivinje ilikuja kuwa bandari kubwa ya watumwa katika karne ya 19.

Sasa upime mkataba ule kwa kipimo cha Rousseau. Upande mmoja Sultani, anapata zawadi. Upande wa pili Morice, anapata watu wa kuuza. Wale 1,000 wa kila mwaka hawamo kama wahusika. Wamo kama bidhaa, na bei yao imeandikwa. Muda uliowekwa ulikuwa miaka 100, maana yake uliwauza hata wajukuu wa watu ambao hawajazaliwa. Kwa hoja za mwaka 1762 karatasi ile si mkataba. Ni nguvu iliyotiwa sahihi.

Je, Rousseau alisema hivyo? Hapana, na hapa usimpambe. Kila alipoandika utumwa katika Mkataba wa Jamii alimfikiria zaidi raia wa Ulaya chini ya mfalme, au Mgiriki na Mrumi wa kale. Ufaransa ilikuwa na sheria maalumu ya watumwa weusi katika makoloni tangu mwaka 1685, kitabu hakiichambui. Mistari michache katika Julie inaonyesha uchungu juu ya watumwa walioonwa na msafiri, basi. Voltaire, ambaye wengi humwona mwepesi kuliko Rousseau, angalau alimweka mtumwa aliyekatwa mkono na mguu ndani ya kisa chake cha Candide, mwaka 1759, akieleza gharama ya sukari. Kwa maoni yangu ukimya wa Rousseau ni doa zito kuliko ugomvi wake wote na Hume, kwa sababu rafiki aliyemtembelea alikuwa ameona.

Oktoba 1776, mwezi mmoja baada ya mkataba wa Kilwa, Rousseau aliangushwa na mbwa mkubwa aliyekuwa akikimbia mbele ya gari la farasi, akazirai. Alipona, akaandika habari hiyo katika kitabu chake cha mwisho cha matembezi. Tarehe 2 Julai 1778 alifariki Ermenonville, akazikwa kwenye kisiwa kidogo chenye miti katika bustani ya Girardin.

Baada ya kifo

Mapinduzi ya Ufaransa ya mwaka 1789 yalimfanya nabii wake. Tamko la Haki lilisema sheria inatokana na utashi wa umma, na robo ya mwisho ya wazo hilo hakuna asiyejua ni ya nani. Lakini waliolichukua neno hadi mwisho walikuwa watumwa wenyewe. Mwaka 1791 waliinuka Saint-Domingue, leo Haiti, wakapigana mpaka Bunge la Paris likafuta utumwa katika makoloni tarehe 4 Februari 1794. Oktoba ya mwaka huohuo mwili wa Rousseau ulihamishiwa Panthéon kwa maandamano, na muziki wake ulipigwa njiani.

Île de France ilikataa. Wajumbe wa serikali waliofika mwaka 1796 na amri ya kuwaacha huru watumwa walifukuzwa na walowezi, wakarudishwa baharini. Mwaka 1802 Napoleon akaurudisha utumwa kisheria. Waliouzwa kutoka pwani ya Kilwa, na watoto wao, walingoja hadi mwaka 1835 Mauritius, chini ya Waingereza, na mwaka 1848 Réunion. Ile miaka 100 ya Morice haikutimia, kwani kabla ya miaka kumi kupita Waomani walikuwa wameishika Kilwa. Biashara iliendelea chini ya mabwana wengine, na usafirishaji wa watumwa kwa bahari ulipigwa marufuku na Sultani Barghash wa Zanzibar mwaka 1873.

Swali la kujipima: Fikra za Zama za Mwangaza zilibadilisha sanaa ya Ulaya haraka kuliko zilivyobadilisha maisha ya mateka wa Afrika Mashariki. Jadili kwa kutumia maisha ya Jean-Jacques Rousseau na mkataba wa Kilwa wa mwaka 1776. Tumia dakika 40. Ukikwama kwenye utangulizi, anza na zile tarehe mbili.